Nyota Iliyopinda na Kioo Kisicho na Hatia



Nyota haina umbo la yai. Haina mkia, haina pembe tatu, wala haina upande mmoja uliovimba. Iko mbali nasi kiasi kwamba darubini zetu za kawaida haziwezi kabisa kuonyesha upana wake. Kwetu sisi ni nukta ya nuru, na nukta haina umbo la kupinda. Kwa hiyo mtu anapopiga picha ya anga kwa darubini ya kioo, kisha akakuta nyota zake zimepinda, jambo la kwanza analopaswa kukubali ni kwamba nyota haikukosa. Kasoro imezaliwa mahali fulani kati ya nuru ile na picha: katika hewa, katika kioo, katika skrubu, katika mota, au katika miguu ya stendi iliyosimama juu ya udongo laini. Swali ni mahali gani. Na swali hilo likijibiwa kwa haraka, linaweza kumfanya mtu atupe kioo kizuri.

Tafakari ya wiki hii inahusu swali hilo. Najua wapo watakaoshangaa: picha za nyota zina faida gani kwa mtu mwenye ada ya shule ya kulipa na shamba la kupalilia? Naomba mnivumilie. Kazi hii hufundisha namna ya kutafuta chanzo cha kosa bila kumwonea asiyehusika, na hilo ni jambo tunalolihitaji majumbani mwetu, kazini na katika vikao vyetu.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Zipo darubini zinazokusanya nuru kwa lenzi, na zipo zinazoikusanya kwa kioo. Darubini ya kioo ina kioo kikuu chini kabisa ya bomba, kilichobonyea katikati kama sahani. Nuru ya nyota huingia kwenye mdomo wa bomba, hushuka hadi chini, hurudishwa juu na kioo hicho, kisha kioo kidogo bapa kilichoinamishwa huigeuza pembeni, mahali jicho au kamera inapoingojea. Mjesuiti wa Kiitalia, Niccolò Zucchi, aliandika kwamba mwaka 1616 alijaribu kutazama kwa kioo cha shaba nyeusi, lakini alichokiona hakikumridhisha. Isaac Newton ndiye aliyetengeneza darubini ya kioo iliyofanya kazi vizuri, mwaka 1668, kwa kioo cha madini chenye upana wa sentimeta tatu na ushee. Hadi leo darubini za mpangilio huo huitwa kwa jina lake.

Uzuri wa darubini hii ni kwamba kwa fedha ile ile mtu hupata kioo kipana kuliko lenzi. Udhaifu wake ni kwamba vioo vyake viwili vimeshikiliwa na skrubu, na skrubu hulegea, hasa darubini inaposafirishwa kwa barabara zetu. Tena kioo chake hakina simile. Uso wa kioo kizuri hautakiwi kukosea hata kwa kiasi cha sehemu moja ya elfu kumi ya milimeta. Kikiguswa vibaya, nyota itasema.

Miaka michache iliyopita, mwalimu mmoja wa fizikia wa shule ya sekondari mkoani Iringa alinijia akiwa na kompyuta mpakato chini ya kwapa. Shule yake ilikuwa na darubini ya kioo yenye upana wa milimeta 200 na urefu wa fokasi wa milimeta 1000. Ilikuwa imenunuliwa kwa michango ya wazazi, walimu na wanafunzi waliokwisha kuhitimu, ili wanafunzi wa klabu ya sayansi wapate kupiga picha za anga. Miezi miwili ilikuwa imepita bila picha hata moja ya kutundika ukutani. Mtu mmoja aliyezitazama picha hizo alikuwa ametoa hukumu kwamba kioo kimeharibika tangu kiwandani. Kamati ya shule ikaamua kwamba darubini iuzwe kwa bei yoyote itakayopatikana, na fedha zinunue viti. Viti ni vitu vyema na sina ugomvi navyo. Lakini mwalimu alijua kwamba darubini ikishatoka pale shuleni haitarudi nyingine, na kwamba waliochanga fedha zao hawatachanga tena.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mwalimu. Habari za shule?"

"Nzuri kidogo. Nimekuja kukuonyesha picha hizi kabla hatujaiuza darubini. Kioo chetu ni kibovu."

"Nani amekuambia kwamba ni kibovu?"

"Picha zenyewe, Baba. Hebu tazama."

Nikatazama. Kweli zilikuwa mbaya. Kila nyota ilikuwa imerefuka kama punje ya mchele, na zile za kwenye kona zilikuwa na mikia. "Mwalimu," nikamjibu, "picha hizi zimekuambia kwamba nyota zimepinda. Hazijakuambia ni nani aliyezipinda. Tuziulize vizuri." Nikamwomba usiku tatu, na akakubali, ingawa usoni alionekana kama mtu anayekubali kwa heshima tu.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mvua zimekwisha, anga safi na baridi ya Iringa kali. Katika majira hayo, karibu saa tatu usiku, Spika, nyota kuu ya kundi la Mashuke, hupita karibu kabisa na utosi wetu. Nyota iliyo juu kabisa ndiyo shahidi mzuri kuliko zote, kwa sababu nuru yake hupita katika hewa kidogo. Nyota iliyo chini, karibu na upeo, hupita katika hewa nyingi yenye vumbi na joto, nayo huchezacheza hata kama darubini ni kamilifu. Anayepima chombo chake kwa nyota ya upeoni anamhoji shahidi mlevi.

Usiku wa kwanza niliweka sharti moja: mtu asiguse skrubu yoyote. Wanafunzi wanne waliokuja na mwalimu wao walisikitika, kwa maana walikuja na bisibisi mfukoni. Ndivyo tulivyo binadamu. Mkono hutangulia, akili hufuata. Lakini ukikaza skrubu tatu kwa wakati mmoja na picha ikapona, hujui ni ipi iliyoponya. Na picha ikiharibika zaidi, hujui ni ipi iliyoharibu. Badilisha jambo moja, tazama, andika, kisha badilisha jingine.

Darubini tuliitoa nje mapema, jua lilipozama. Ilikuwa ikihifadhiwa katika chumba cha paa la bati, ambacho mchana huwa kama tanuri. Kioo chenye joto kilichowekwa katika hewa ya baridi hupasha hewa iliyo juu yake, na hewa hiyo hupanda ndani ya bomba ikiyumba kama moshi. Nyota ikipigwa picha katika hali hiyo hutoka imevimba na haina kingo. Dawa yake hainunuliwi dukani: ni kungoja. Kioo cha ukubwa ule kilihitaji zaidi ya saa nzima. Tukakaa tukanywa chai ya rangi, na wanafunzi wakajifunza kwamba kungoja nako ni sehemu ya kazi.

Kisha tukapiga picha tatu za nyota zile zile: ya sekunde 1, ya sekunde 10 na ya sekunde 60. Hili ndilo swali la kwanza la kumwuliza mshtakiwa: je, kosa hukua kadiri muda unavyoongezeka? Dunia inazunguka bila kupumzika. Nyota iliyo karibu na ikweta ya anga husogea sekunde 15 za tao katika kila sekunde moja ya saa. Kwa darubini yenye fokasi ya milimeta 1000 na kamera yenye pikseli za sehemu nne za elfu moja za milimeta, hiyo ni takriban pikseli 18 kwa sekunde moja. Mota ya stendi ndiyo yenye wajibu wa kuifuata nyota. Ikiifuata vibaya, nyota hurefuka kadiri muda unavyokwenda. Lakini kioo kibovu hakijui saa. Kasoro yake ni ile ile katika sekunde 1 na katika sekunde 60.

Jibu likaja mbele ya macho yetu. Katika picha ya sekunde 60 nyota zote, za katikati na za pembeni, zilikuwa zimerefuka kuelekea upande mmoja. Katika picha ya sekunde 1 urefu ule ulikuwa umetoweka. Mwalimu akakaa kimya. Sehemu kubwa ya ubovu aliokuwa ameubebesha kioo haikuwa ya kioo.

Tukauliza swali la pili: zimerefuka kuelekea wapi? Zikirefuka mashariki na magharibi, lawama ni ya meno ya gia za mota, ambazo hukimbia kidogo na kuchelewa kidogo kwa kurudiarudia. Zikirefuka kaskazini na kusini, lawama ni ya mhimili wa stendi, kwamba haukuelekezwa sawasawa na mhimili wa dunia. Zikitawanyika ovyo, kila picha na upande wake, tumshuku upepo au mtu aliyepita akikanyaga karibu na stendi. Zetu zilikuwa zimerefuka kaskazini na kusini.

Hapa yafaa niseme jambo linalotuhusu sisi tunaoishi karibu na ikweta. Vitabu vingi vya kazi hii vimeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao huelekeza stendi zao kwa nyota ya Kutubu, iliyo karibu sana na ncha ya kaskazini ya anga. Kutoka Iringa ncha hiyo imezama chini ya upeo. Ncha ya kusini tunayo, lakini iko nyuzi 8 tu juu ya upeo, nyuma ya vilima na ukungu, na hakuna nyota angavu ya kuitambulisha. Stendi nyingine hata hukataa kuinama kiasi hicho. Uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Kwa hiyo mwalimu alikuwa amekisia kwa dira, na dira huelekea kusini ya sumaku, ambayo si kusini halisi.

Ipo njia nyingine, ya kale na ya hakika, isiyohitaji nyota ya ncha. Elekeza darubini kwenye nyota iliyo juu, karibu na mstari unaotoka kaskazini kwenda kusini kupitia utosini, washa mota, kisha tazama. Nyota ikitambaa polepole kwenda kaskazini au kusini, geuza stendi kidogo kulia au kushoto mpaka utambaaji ukome. Halafu elekeza kwenye nyota iliyo upande wa mashariki, tazama tena, na safari hii inua au shusha mhimili. Rudia yote mawili. Ilituchukua saa mbili kasorobo. Tulipopiga tena picha ya sekunde 60, zile punje za mchele hazikuwapo.

Lakini kazi haikuwa imekwisha. Kosa kubwa linapoondoka, madogo yaliyojificha nyuma yake hujitokeza. Sasa tuliona kwamba nyota za katikati, ingawa hazikurefuka tena, zilikuwa na pembe tatu, na kwamba mikia ya kwenye kona haikulingana: upande wa kulia ilikuwa mirefu, kushoto mifupi. Mwalimu akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe kioo kina kosa lake pia." Nikamwambia kwamba inawezekana. Sikutaka aondoke kwenye hukumu moja ya haraka akaingia katika nyingine, ile ya kwamba kioo hakiwezi kamwe kukosea. Kinaweza. Ndipo nikawasimulia habari za darubini ya Hubble.

Darubini ya Hubble ni ya kioo kama yetu, ila kioo chake kina upana wa mita 2.4. Ilirushwa angani tarehe 24 Aprili 1990, na kabla ya miezi miwili na nusu kupita, ulimwengu ukaambiwa kwamba haioni sawasawa. Kila nyota ilikuwa na kiini kidogo kilichozungukwa na ukungu mpana wa nuru. Kioo kilikuwa kimesagwa kwa ustadi wa ajabu, lakini kwa umbo lisilo sahihi: ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa takriban sehemu mbili za elfu moja za milimeta, karibu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Chanzo kilikuwa kifaa cha kupimia, ambacho lenzi yake moja ilikuwa imewekwa milimeta 1.3 mbali na mahali pake. Mafundi walisaga kioo kwa uaminifu wote wakifuata kipimo kilichodanganya.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa maana ndipo penye uchungu. Vipimo vingine viwili vilikuwa vimeonyesha kosa lile kioo kikiwa bado duniani. Vikapuuzwa, kwa sababu viliaminika kuwa si sahihi kama kile kifaa kikuu. Mashahidi wawili wanyonge walisema kweli, shahidi mmoja mwenye sifa akakosea, na watu wakamwamini mwenye sifa.

Ni nini basi kilichofichua ukubwa halisi wa kosa? Ni zile zile nyota zilizoharibika. Wataalamu walizichunguza picha zake, zilizo ndani ya fokasi na zilizo nje yake, wakapiga hesabu kwa kurudi nyuma mpaka wakajua umbo la kioo. Kile kifaa cha kupimia kilikuwa bado kimehifadhiwa, kikapimwa upya, na majibu mawili yakakubaliana. Mwezi wa Desemba 1993 wanaanga walipanda, wakatoka nje ya chombo chao mara tano, wakaweka vifaa vyenye kosa lililo kinyume kabisa na lile la kioo, na nuru ikanyooka. Kioo kile hakikubadilishwa hadi leo. Aibu ikageuka kuwa kipimo, na kipimo kikageuka kuwa dawa.

Wanafunzi waliondoka usiku ule wakiwa na hamu ya kuijua nyota yenye pembe tatu.

Usiku wa pili tuliitoa Spika nje ya fokasi kwa makusudi. Nyota ikitolewa nje ya fokasi katika darubini ya namna hii huonekana kama andazi la duara lenye tundu katikati. Tundu hilo ni kivuli cha kioo kidogo. Andazi lenyewe ni ramani ya kioo. Kama ni duara safi, kioo kimetulia. Kama ni la umbo la yai upande mmoja wa fokasi, kisha yai hilo likajigeuza robo mzunguko upande wa pili, basi kioo kimepindika kama ukingo wa ungo uliokaliwa. La kwetu lilikuwa na mabonde matatu ukingoni, kwa nafasi zilizolingana.

Kabla ya kufungua chochote tuligeuza kamera robo mzunguko na kupiga tena, ili tujue kama kamera imekaa upande. Mabonde yalibaki upande ule ule wa bomba, hayakuifuata kamera. Kamera ikaachiliwa huru. Sasa, ni kitu gani katika darubini kilicho kitatu, tena kwa nafasi zilizolingana? Msichana mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyejibu: "Vibanio vya kioo!"

Kesho yake mchana tukafungua sehemu ya chini ya bomba. Naam, vibanio vitatu vinavyoshika ukingo wa kioo vilikuwa vimekazwa mpaka mwisho. Fundi aliyeisafirisha darubini alikuwa amevikaza kwa nia njema kabisa, ili kioo kisicheze njiani. Lakini kioo hakipendi kukumbatiwa hivyo. Kikibanwa, hujipinda kwa kiasi ambacho jicho halikioni wala rula haikipimi, ila nyota hukiona. Tukavilegeza mpaka kipande cha karatasi ya daftari kikaweza kupita kati ya kibanio na kioo. Kioo kinatakiwa kishikwe kisidondoke, hakitakiwi kufinywa. Nimekutana na wazazi wanaowapenda watoto wao kama fundi yule alivyokipenda kioo kile, na matokeo yake si mageni kwangu.

Usiku wa tatu ulikuwa wa kupanga vioo viwili vitazamane sawasawa. Vibanio vikilegezwa kioo husogea kidogo, kwa hiyo kazi hii hufuata ile, haiitangulii. Mikia ya upande mmoja kuwa mirefu kuliko ya upande mwingine ni dalili kwamba mahali pazuri pa picha hapako katikati. Nyuma ya kioo kikuu zipo skrubu tatu za kukielekeza. Mwanafunzi mmoja aligeuza skrubu moja kwa robo ya mzunguko. Mwingine akairudisha Spika katikati ya picha. Wa tatu akatazama kama tundu la andazi limesogea kuelekea katikati au limekimbia. Wa nne akaandika. Wakabadilishana zamu. Baada ya majaribio kumi na moja, tundu likakaa katikati na nyota ikawa duara.

Hapo kijana mmoja akauliza kwa wasiwasi kwa nini Spika bado ina msalaba wa nuru. Nikafurahi kwamba ameuliza kabla ya kutafuta bisibisi. Msalaba ule hausababishwi na kosa lolote. Kioo kidogo hushikiliwa na vyuma vinne vyembamba katika mdomo wa bomba, na nuru ikipita kandokando ya vyuma hivyo hutawanyika katika miali minne. Vyuma vikiwa vitatu, miali huwa sita. Darubini ya Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi ya mwaka 2021, huzipa nyota angavu miali sita mikubwa kwa sababu vioo vyake vina pande sita. Hakuna anayejaribu kuiponya Webb miali hiyo. Siyo kila kitu kisichofanana na matarajio yetu ni ugonjwa.

Mwisho tukaelekeza darubini kwenye Omega Centauri, kundi la mamilioni ya nyota lililo umbali wa miaka ya nuru takriban elfu kumi na saba. Tulipofungua picha, katikati yake palikuwa na punje za nuru zisizohesabika, kila moja duara. Wanafunzi walipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakajibu. Kwenye kona nne bado palikuwa na mikia mifupi, iliyolingana, yote ikitazama nje. Nikamweleza mwalimu kwamba hiyo ndiyo kasoro iitwayo koma, na kwamba ni tabia ya kila kioo cha umbo lile, hata kiwe kizuri namna gani: kinachotazamwa katikati huwa safi, kinachotazamwa pembeni huvutika. Fokasi ikiwa fupi, mkia hurefuka. Kama kioo cha upana ule kingekuwa na fokasi ndefu mara mbili, mkia kwa pembe ile ile ungebaki robo. Ipo lenzi maalumu ya kuirekebisha, nayo ina gharama yake. Kwa sasa, nikamwambia, kata kingo za picha na umshukuru Mungu kwa katikati.

Mwalimu aliipeleka picha ile kwenye kikao cha kamati, pamoja na daftari la wanafunzi lenye kila jaribio na jibu lake. Naambiwa kwamba daftari ndilo lililowashinda wajumbe kuliko picha. Darubini haikuuzwa. Gharama yote ya matengenezo ilikuwa kipande cha karatasi, chai ya usiku tatu na usingizi tulioukosa.

Wapendwa, wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Lakini mimi ningeongeza kwamba anayelitupa jembe kabla ya kutazama mpini naye hajawa mkulima bado. Tulikuwa na makosa matatu yaliyopandana: stendi iliyoelekezwa kwa kukisia, vibanio vilivyokazwa kwa upendo kupita kiasi, na vioo visivyotazamana. Palikuwa na tabia mbili za asili zilizofanana na makosa nazo si makosa. Na palikuwa na mshtakiwa mmoja, aliyehukumiwa kwa sababu ndiye mkubwa, ndiye wa gharama, na ndiye ambaye kila mtu analijua jina lake. Hivyo ndivyo tunavyofanya mara nyingi katika nyumba zetu. Mtoto akishindwa shuleni, mwalimu ndiye mbovu. Mradi ukikwama, mwenyekiti ndiye mwizi. Ndoa ikiyumba, yupo mtu mmoja tu wa kulaumiwa, na kwa kawaida si yule anayezungumza.

Wiki hii, basi, mbele ya jambo lililopinda, tujaribu kuuliza kama wale wanafunzi walivyouliza. Je, kosa hili hukua kadiri muda unavyopita, au lilikuwa vile vile tangu mwanzo? Liko kila mahali, au pembeni tu? Linaelekea upande gani? Nikibadilisha jambo moja peke yake, je, linanifuata au linabaki? Na je, yupo shahidi mnyonge ambaye tumempuuza kwa sababu mwenye sifa amekwisha kusema? Kuna wakati majibu yatatuambia kwamba kioo chenyewe ndicho kilichokosea, kama ilivyokuwa kwa Hubble; hata hapo haikulazimu kukitupa. Wakati mwingine yatatuambia tulegeze mkono kwa unene wa karatasi.

Nawatakia wiki njema, na anga safi.